Skii za friraidi za miaka kumi iliyopita na za sasa: tofauti iko wapi hasa?

Mkazi wa Innsbruck

Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu kabla theluji haijaanza kushuka. Ninaishi Innsbruck, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiteleza nje ya njia zilizosawazishwa, kwanza kwa kutumia lifti za Axamer Lizum na Nordkette, na baadaye, nilipokwisha kupata mafunzo ya usalama wa maporomoko ya theluji, kwa kupanda mwenyewe kwa ngozi, yaani vitambaa vinavyobandikwa chini ya skii zisirudi nyuma, katika bonde la Sellrain na milima ya Kühtai. Skii zangu ni za mwaka 2014. Zina urefu wa sentimita 180 na kiuno, yaani upana wa chini ya buti, cha milimita 106. Ncha zake ni pana na zimeinuliwa sana, kiini ni cha mbao nyepesi, na ndani hamna bati la chuma. Vifungio vyake, vinavyolishika buti kwenye skii, ni vya fremu, yaani vile ambavyo wakati wa kupanda fremu yote huinuka pamoja na kisigino.

Katika theluji laini ya asubuhi sina lalamiko lolote. Mambo hubadilika kuanzia saa sita mchana, mteremko unapokuwa umekwisha kukatwakatwa na waliotangulia, na huwa mabaya zaidi baada ya Föhn, ule upepo wa joto unaovuka milima kutoka kusini, kuyeyusha uso wa theluji na kuuacha ugande kuwa ukoko. Hapo ncha hupigapiga, skii huyumbishwa na kila tuta, nami hulazimika kupunguza mwendo mahali ambapo wenzangu wanapita wametulia. Katika kupanda nako hubaki nyuma, ingawa pumzi ninayo.

Dukani nimeoneshwa jozi mpya zenye kiuno kile kile au chembamba kidogo, nikasomewa maelezo marefu kuhusu vipande vya titanali, nyuzi za kaboni na roka, yaani mwinuko wa ncha na mkia, ya kizazi kipya. Nikinunua jozi hizo pamoja na vifungio na ngozi mpya, sitabakiwa na kitu cha kununulia chochote kingine msimu huu. Kwa upande mwingine, jamaa mmoja ninayeteleza naye ananiuzia jozi ya mwaka 2018 kwa bei iliyo chini ya nusu.

Swali langu ni hili: je, skii za sasa zimeboreshwa kwa kiasi ambacho mtelezaji wa kawaida, mwenye kilo 74 na asiyeruka majabali, atakihisi miguuni, au mengi tunayoyasoma ni maneno ya kuuzia bidhaa? Na ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu, nianze na skii au nianze na vifungio?

Fundi wa Grenoble

Ndugu yangu, karibu. Ninafanya kazi katika karakana ya skii hapa Grenoble, na kila mwaka majira ya vuli yakifika hupitia mikononi mwangu skii za kila umri, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyaona mezani.

Anayetaka kulinganisha matoleo lazima kwanza ajue mabadiliko makubwa yalitokea lini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa kampuni ya Atomic alitengeneza skii pana ya theluji ya unga, na watu wengi ambao hapo awali hawakuthubutu kutoka nje ya njia wakaweza kufanya hivyo. Hata hivyo, ukiitazama kwa ubavu, skii ile ilikuwa bado na umbo la kale: tao katikati, ncha na mkia vikigusa chini. Aliyeligeuza umbo hilo ni mtelezaji Shane McConkey. Yeye aliona kwamba theluji laini ina tabia ya maji zaidi kuliko ya barafu, akafunga vifungio juu ya skii za kuteleza majini na kuzijaribu katika milima ya Alaska, na mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa Spatula, skii yenye kiuno cha milimita 125 ambayo ncha na mkia wake vilikuwa vyembamba kuliko katikati na vimeinuka kama tumbo la mtumbwi. Kwenye theluji ngumu ilikuwa taabu tupu, lakini wazo lilikwisha kuthibitika. Kampuni ya DPS, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Stephan Drake na Peter Turner, ikaiunganisha roka hiyo na mkato wa ubavuni unaoiwezesha skii kupiga kona. K2 ikatoa Pontoon. Rossignol nayo, kwa S7 na kisha kwa Soul 7 ya msimu wa 2013/14, ikaifikisha kwa mtelezaji wa kawaida. Kufikia hapo muundo tunaoutumia hadi leo ulikuwa tayari: roka mbele, tao chini ya buti, roka kidogo nyuma, na kiuno kati ya milimita 100 na 110.

Skii zako za 2014, basi, zimezaliwa baada ya mapinduzi hayo. Kama ungekuwa na jozi ya mwaka 2004, ningekuambia uitundike ukutani leo hii bila kusoma barua yako hadi mwisho.

Yaliyofuata ni marekebisho, tena marekebisho ambayo hayakwenda mbele tu. Chukua mfano wa Mantra, skii ya kampuni ya Völkl. Kwa miaka mingi ilisifiwa kwa kushika theluji ngumu. Msimu wa 2014/15 ikapewa roka ya urefu mzima na kiuno cha milimita 100, kwa sababu ndivyo soko lilivyokuwa likielekea. Na msimu wa 2018/19, katika toleo lililoitwa M5, kiwanda kikarudisha tao chini ya mguu na kupunguza kiuno hadi milimita 96. Mtu mwenye M5 iliyotunzwa ana kitu kilicho karibu sana na kinachouzwa sasa, ilhali aliyenunua toleo la miaka minne tu kabla yake ana skii ya tabia nyingine kabisa. Kwa upande mwingine, Nordica Enforcer 100 ya mwaka 2015 imeingia msimu wa 2024/25 ikiitwa Enforcer 99, na hakuna mguu wa binadamu utakaoihisi hiyo milimita moja, hata kama mabadiliko mengine ya ndani yanahisika. Ndiyo sababu nawaambia wateja wangu waulize jozi imejengwaje kabla ya kuuliza ni ya mwaka gani.

Na katika ujenzi, mahali palipo na maendeleo ya kweli ni mpangilio wa chuma. Titanali ni aloi ya alumini inayotengenezwa na AMAG pale Ranshofen, katika nchi hiyo hiyo unayoishi. Kazi yake ndani ya skii ni kuzima mtetemo na kuizuia isijisokote inapoegemea ukingo wake. Zamani mnunuzi alikuwa na njia mbili: mabati mawili kamili kutoka ncha hadi mkia, ambayo hutulia sana lakini ni mazito na hayamsamehei mwenye miguu iliyochoka, au pasiwe na bati kabisa, kama zako. Siku hizi bati hukatwa kwa umbo na kuwekwa pale tu linapohitajika. Blizzard Rustler ya kwanza, ya msimu wa 2017/18, ilikuwa na bati moja la katikati linalopungua upana kuelekea nchani. Ile iliyoundwa upya kwa msimu wa 2023/24 ina vipande virefu vinavyofuata kingo pande zote mbili, na kingine chini ya buti. Matokeo yake ni kwamba ukingo unashika vizuri, huku katikati ya ncha pakibaki pepesi na penye kupinda.

Kwa hiyo kinachokusumbua mchana si umri wa skii zako, bali ni ncha pana, nyepesi, isiyo na kitu cha kuzima mtetemo. Jozi yoyote ya kuanzia mwaka 2018 iliyo na bati la sehemu itakutatulia jambo hilo kwa kiasi kikubwa, iwe mpya au iliyotumika, mradi iwe nzima.

Binti wa Salt Lake

Fundi, nakushukuru kwa historia hiyo, na siipingi. Ninachopinga ni kauli kwamba baada ya mwaka 2018 yamebaki marekebisho madogo tu. Nimeteleza kwa miaka mingi katika korongo la Little Cottonwood, mahali panapopata theluji inayozidi mita 12 kwa msimu wa kawaida, na ningependa ndugu yetu aelewe kinachotokea hasa chini ya buti kabla hajaamua.

Chukulia umeshuka mteremko saa saba mchana. Theluji imekuwa mafungu mafungu, mengine laini na mengine yamekwisha kubanwa na skii za watu hadi yakawa magumu. Ncha nyepesi na pana ikikutana na fungu gumu hurushwa juu. Kwa nukta moja tu goti hukunjika, muundi wa mguu huacha kukaza ulimi wa buti, uzito wako unarudi nyuma, na wakati unajitahidi kuurudisha mbele fungu la pili limekwisha kufika. Hayo ndiyo mapigopigo anayoyasimulia. Sasa, wahandisi wametatua jambo hilo kwa njia tatu zinazofanya kazi pamoja, na bati ni moja tu kati ya hizo. Ya pili ni kwamba sehemu pana zaidi ya ncha imesogezwa kuelekea kwenye buti, kwa hiyo kile kipande cha mbele kabisa ni chembamba na hakiwezi kunaswa kirahisi. Ya tatu ni kwamba roka yenyewe imekuwa ndefu lakini ya polepole: ile ya takriban mwaka 2012 mara nyingi iliinuka ghafla, kiasi kwamba kwenye njia ngumu robo nzima ya skii ilikuwa hewani ikitetemeka bila kufanya kazi yoyote, ilhali ya sasa hupanda kwa mwinamo mdogo, na ukiiegemeza skii ubavuni ukingo wote unagusa chini.

Kuna pia suala la mahali buti linapokaa. Skii nyingi za zamani zilitaka usimame nyuma sana, sentimita kumi au zaidi nyuma ya kitovu cha skii, na ziliendeshwa kwa kukandamiza ulimi wa buti muda wote. Nyingi za sasa zimesogeza alama hiyo mbele, na zinamkubali mtu anayesimama wima, magoti yakiwa huru. Hii haimaanishi kwamba moja ni bora kuliko nyingine kwa kila mtu. Ina maana kwamba mtu akihama kutoka skii ya 2014 hadi ya sasa atahitaji muda kidogo kubadili namna anavyosimama, na asiihukumu jozi kwa asubuhi ya kwanza.

Mimi ningemshauri aazime jozi za majaribio. Duka zuri linakuwa nazo, na bei yake ya siku mara nyingi hukatwa kwenye bei ya ununuzi. Aende nazo siku mbaya, yenye ukoko, wala asingoje siku ya theluji nzuri, kwa maana theluji nzuri husifia kila skii.

Jambo moja la mwisho, kwa wasomaji walioko Marekani. Kila kampuni ya vifungio hutoa kila mwaka orodha ya modeli ambazo bado inazidhamini, na kifungio kikishatolewa kwenye orodha hiyo, maduka mengi hukataa kukirekebisha, hata kama kwa macho kinaonekana kipya. Anayenunua jozi ya zamani kwa bei ya kutupa huku na aulize kwanza kuhusu kifungio kilicho juu yake.

Mzee wa Calgary

Vijana, salaam. Nimesoma majibu yote mawili kwa makini, na nadhani nyote mmelishughulikia nusu moja ya swali. Kijana alisema pia kwamba hubaki nyuma wakati wa kupanda ingawa pumzi anayo. Nusu hiyo ndiyo inayonihusu mimi, kwa sababu milima yangu ni ya Rogers Pass, ambako hakuna lifti hata moja, na siku ya kawaida mtu hupanda mita 1,200 au zaidi kabla ya kugeuza skii kuelekea chini. (Anayefikiria kuja huku ajue kwamba maeneo kadhaa yanahitaji kibali cha majira ya baridi, kwa sababu wanajeshi hufyatua mizinga kuangusha theluji iliyo juu ya barabara kuu ya Trans-Canada, na mtu hapaswi kuwa kwenye mteremko huo wakati huo.)

Tazama vifungio vyako vya fremu. Kwa kila hatua unainua buti, kisigino cha kifungio, na reli yote inayoviunganisha, uzito ambao kwa modeli nyingi za zama zile unazidi kilo moja kwa kila mguu. Isitoshe, bawaba ya fremu iko mbele ya vidole vyako, mahali ambapo mguu wa binadamu haupindi, hivyo hatua yako hukatizwa na nyonga hufanya kazi ambayo kifundo cha mguu kingeifanya. Ndiyo maana unachoka kabla ya pumzi kukuishia.

Kifungio cha pini ni jambo jingine. Mhandisi wa Tirol, Fritz Barthel, alikibuni katika miaka ya 1980 baada ya kuchoshwa na uzito wa vifaa vya wakati ule, na kampuni ya Dynafit ikakichukua mwaka 1990. Pini mbili za chuma huingia katika vishimo viwili kwenye ncha ya buti. Kisigino kinabaki huru, na unachoinua ni buti lako tu, skii ikiburuzwa juu ya theluji. Vipo vyenye uzito wa gramu 300 hadi 400. Kwa muda mrefu wapenda friraidi hawakuviamini, na walikuwa na hoja, kwa sababu pini za kawaida humwachilia mtu kwa upande kupitia kisigino tu, wala mbele hakuna nafasi ya kupokea mshtuko na kuurudisha mguu mahali pake. Marker Duke, kifungio cha fremu, ilipotoka mwaka 2007 ilipendwa mno kwa sababu hiyo: ilikuwa nzito, lakini iliaminika katika kushuka.

Mabadiliko yaliyotokea baada ya skii zako kununuliwa yako hapa. Fritschi Tecton ya mwaka 2017 ina pini mbele na kisigino kinachofanana na cha vifungio vya kawaida, na mbele yake huachilia kwa upande. Shift ya Salomon na Atomic, iliyotoka mwaka 2018, hutumia pini wakati wa kupanda, kisha unageuza sehemu ya mbele na inakuwa kifungio kamili cha kushukia. Uzito wake haufiki kilo moja. ATK wa Italia nao wametengeneza vifungio vya pini ambavyo watu wengi sasa wanateleza navyo friraidi bila hofu waliyokuwa nayo zamani. Kwa hesabu yangu, ukiondoa fremu na kuweka kifungio cha aina hizi, utapunguza kati ya gramu 300 na 800 katika kila mguu hata kama skii ni zile zile. Hakuna skii mpya ya milimita 106 itakayokupunguzia uzito huo bila kuwa nyepesi kiasi cha kukurudishia mtikisiko unaoulalamikia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu wepesi wa skii zenyewe. Skii ya kupandia yenye kaboni nyingi na uzito wa kilo 1.3 ni raha kwenda juu, lakini katika theluji iliyokatwakatwa inarushwa kuliko hiyo ya 2014, kwa sababu uzito wenyewe ni kitulizo. Weka uzito kwenye skii, utoe kwenye kifungio. Na kama kifaa chako cha kutafutia waliofukiwa si cha dijitali chenye antena tatu, basi ununuzi huo utangulie yote haya, hata kama utateleza msimu mzima na skii ulizo nazo.

Mkazi wa Innsbruck

Shikamoo Mzee, nawe Fundi, na Dada wa Salt Lake, nawashukuru kwa dhati. Kifaa cha kutafutia ni cha dijitali chenye antena tatu, nilikinunua kabla ya mafunzo; koleo na fimbo ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa ninazo.

Naomba niongeze maelezo niliyoyaacha. Buti zangu ni za mwaka 2019. Zina vishimo vya pini mbele na nyuma, na soli zake zimeandikwa GripWalk. Zaidi ya nusu ya siku zangu ni za lifti, zilizobaki ni za kupanda, na mara nyingi upandaji wangu hauzidi mita 1,000. Jozi ninayouziwa ni Rustler 10 ya kizazi cha kwanza, urefu wa 180, kiuno cha milimita 102, nayo imefungwa vifungio vya kawaida visivyo vya kupandia, ambavyo jamaa yangu atavitoa na kubaki navyo. Kwa bei anayoitaka nitaweza kununua kifungio cha aina ya Shift au Tecton, na ngozi mpya pia. Nikichukua skii mpya kabisa, itabidi nihamishie juu yake fremu yangu ya sasa.

Nilichokuwa sijakizingatia ni soli za buti. Je, GripWalk inaingia salama katika vifungio hivi? Na ninapoikagua jozi hiyo niangalie nini, ikizingatiwa kwamba imekwisha kutobolewa mara moja?

Fundi wa Grenoble

Kwa maelezo haya jibu langu ni rahisi: chukua jozi ya 2018 na kifungio kipya, usichukue skii mpya na fremu ya zamani. Dada wa Salt Lake ameeleza vizuri jinsi ncha za sasa zilivyo bora, na nakubali kwamba toleo la 2023/24 ni tulivu zaidi kuliko la kwanza. Lakini tofauti kati ya matoleo hayo mawili ni ndogo kuliko tofauti kati ya jozi yako ya 2014 na lolote kati yake, na kifungio cha fremu kitakufuata kila hatua.

Kuhusu soli: GripWalk ina mwinamo na mpira, na haifai katika kifungio cha kawaida cha zamani ambacho hakikuandikwa kuikubali, kwa sababu mpira huo unaweza kukwama pale buti linapotakiwa kuachiliwa. Fremu yako ya sasa, kama ni ya 2014 na haina alama hiyo, haikupaswa kutumiwa na buti hizo, na hii ni sababu nyingine ya kuiondoa. Shift inaikubali, ila kimo cha sehemu ya mbele lazima kirekebishwe na kupimwa kwa buti lenyewe. Tecton inakushika kwa pini mbele, hivyo aina ya soli haina uzito sana hapo, lakini vishimo vya buti lako vikaguliwe visiwe vimelika.

Sasa ukaguzi. Nenda mchana, wala usikubali kuoneshwa skii kwenye gereji yenye giza. Ziweke uso kwa uso, zikigusana ncha na mkia, uziangalie kwa ubavu huku mwanga ukiwa upande wa pili. Chini ya mahali pa buti uone mwanya ulio sawa, unaofungika taratibu unapozibana kwa mkono mmoja. Hilo ndilo tao, na kama halipo, skii imechoka. Kisha tazama pale roka inapoanzia: katika skii zote mbili panapaswa kuwa umbali sawa kutoka nchani. Kama moja inaachana mapema kuliko nyingine, inawezekana bati la ndani limepinda, na bati la titanali likishapinda halirudi. Hiyo ni hasara ambayo hakuna fundi wa kuitengeneza, hivyo ondoka bila kujadili bei.

Pitisha ukucha kando ya kingo za chuma kutoka mbele hadi nyuma. Ukingo uliopasuka utaukwaruza ukucha kama meno ya msumeno, na chini ya buti ndipo huwa, kwa sababu ndipo mawe hugongwa kwa uzito wote. Ukingo wa skii mpya ya aina hii una unene wa takriban milimita mbili; ukikuta umebaki nusu ya hapo, skii imenolewa mno na haina misimu mingi mbele yake. Michubuko ya uso wa chini isikutishe, hujazwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, isipokuwa ile iliyofika kwenye mbao karibu na ukingo. Bonyeza kwa kidole gumba mahali hapo. Kama panabonyea au panatoa unyevu, maji yamekwisha kuingia kwenye kiini.

Matundu ya skrubu ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mwambie jamaa yako avitoe vifungio mbele yako, uone skrubu zinatoka zikiwa kavu na zenye vumbi la mbao safi. Zikiwa na kutu, uliza maswali zaidi. Matundu ya zamani huzibwa kwa vijiti vya plastiki na gundi, na mapya yatobolewe umbali usiopungua sentimita moja kutoka kwa yale ya awali. Kwa kuwa skii hii ina bati, keekee iwe ya milimita 4.1, wala si ile ya 3.6 inayotumika kwa mbao tupu, la sivyo skrubu itainua tabaka la juu inapoingia. Fundi wa Innsbruck analijua hili, lakini si vibaya ukamwuliza.

Binti wa Salt Lake

Kwa maelezo haya mapya naondoa shaka yangu. Kwa mgawanyo huo wa siku za lifti na za kupanda, Fundi yuko sahihi. Nyongeza yangu ni kwamba usipoteze breki: kila kifungio huuzwa na breki za upana fulani, na kwa kiuno cha milimita 102 hazipaswi kuwa pana sana, maana zikitokeza nje ya ukingo zitagusa theluji unapoegemea kona. Kuhusu mahali pa kufunga, anza kwenye alama ya kiwanda. Ukiwa umezoea skii ya 2014 utahisi kama umesimama mbele mno. Vumilia, jaribu kusimama wima zaidi.

Mzee wa Calgary

Marahaba, kijana. Ngozi zako za zamani usizitupe. Zilikatwa kwa kiuno cha 106, na unahama kwenda 102, kwa hiyo kama urefu unalingana na ndoano za mbele zinashika ncha mpya, fundi anaweza kuzipunguza kandokando hadi kingo za chuma zibaki wazi kwa milimita moja au mbili kila upande. Pima kwenye sehemu pana ya mbele kabla ya kukata, kwa sababu ncha za skii hizo mbili hazikuchongwa sawa. Zikitosha, fedha ya ngozi iongeze kwenye kifungio, kati ya Shift na Tecton uchague kwa buti zako na wala si kwa bei.

Mkazi wa Innsbruck

Nimeelewa. Jumamosi naenda kuikagua jozi hiyo mchana, na ngozi nitazibeba nikazijaribu juu yake pale pale. Ikipita ukaguzi, fremu itabaki juu ya skii za 2014 kama zilivyo, na kwa kuwa sitaitumia tena na buti hizi, nitamweleza wazi atakayezichukua ni soli gani zinazoingia humo.